Mwaka Aknabat Alipoacha Afyuni

Aknabat alikula afyuni kabla hajajua kutamka jina lake. Mama yake, mfumaji wa mazulia kama yeye, aliyeyusha kipande kidogo mfano wa chembe ya ufuta kwenye maji ya uvuguvugu, akachovya kidole, akampaka ulimini. Mtoto akalala, mama akarudi kwenye zulia. Hakuna aliyeona ajabu. Katika vijiji vya Waturkmeni vinavyouzunguka mji wa Andkhoy, kaskazini mwa Afghanistan, kila nyumba yenye zulia ilikuwa na afyuni, na nyumba isiyo na zulia haikuwa na cha kula.

Waliiita dawa. Ilikuwa dawa ya mgongo, dawa ya kikohozi, dawa ya kuhara, dawa ya macho yanayowaka kwa kukodolea fundo, na zaidi ya yote dawa ya mtoto msumbufu. Hilo neno "dawa" ndilo lililokuja kumuuma Aknabat baadaye kuliko maumivu yote aliyoyapata. Maana mtu akikupa sumu akakwambia ni sumu, angalau kakuheshimu.

Alianza kufuma angali na meno ya utotoni. Alipoolewa na Geldi, mwana wa Bibihajar, watu walisema Geldi kapata, kwa kuwa mikono ya binti yule ilikuwa inasifiwa hadi sokoni. Alichuchumaa juu ya mtande, nyuzi za msingi za zulia zilizotandazwa chini kutoka ukuta mmoja wa chumba hadi mwingine, akafunga fundo, akakata, akafunga, akakata, kisha akashindilia kwa kitana cha chuma kizito kama nyundo. Asubuhi alimeza kidonge chake na chai ya kijani, alasiri akameza kingine. Bila hicho magoti hayakukubali kukunjuka.

Aliyeleta sufu alikuwa Haji Atamurat, mfanyabiashara wa mjini, mtu mpole, ndevu zake nyeupe zimechanwa vizuri, hajui kugombana na mtu. Haji alileta marobota ya sufu nyekundu, akaleta kielelezo cha ua la kufuma, na kila mara alileta kijikaratasi cha afyuni kilichokunjwa mara nne. Hakuwahi kukidaia malipo. "Zawadi kwa mfumaji wangu," alikuwa akisema, akimkabidhi Geldi. Geldi naye, kabla ya kumpa mke wake, alijikatia kipande chake. Bibihajar akajikatia chake. Kilichobaki kilikuwa cha aliyefanya kazi.

Kwa miaka mingi Aknabat hakupata mtoto. Hatimaye akajaliwa binti, wakamwita Guncha, maana yake tumba la ua. Mtoto akaanza kuota meno katikati ya majira ya baridi, na hapohapo Haji akatuma salamu kwamba zulia alilitaka liwe limekwisha kabla ya Nowruzi, sikukuu ya mwaka mpya, kwa sababu kuna mnunuzi anakuja kutoka mbali. Guncha analia, zulia linangoja. Aknabat akafanya kama alivyofanyiwa na mama yake. Kumbe afyuni ya karatasi ile mpya ilikuwa kali kuliko ya kawaida.

Alipogeuka kumtazama, midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zabibu mbivu.

Geldi aliwasha pikipiki, Aknabat akapanda nyuma, mtoto kifuani chini ya koti, wakakata upepo wa barafu hadi zahanati ya mjini. Daktari, kijana aliyevaa miwani, alimchoma Guncha sindano, wakangoja, mtoto akavuta pumzi kwa kishindo na kuanza kulia. Hapo daktari akamgeukia mama yake.

"Wewe ni mama au ni muuaji? Hata mnyama hafanyi hivi! Nyie wanawake wa mazulia mna roho gani?"

Aknabat alikuwa ameuma ncha ya mtandio kwa meno, kama ilivyo desturi ya mke mbele ya wanaume wasio wake, ishara kwamba hana la kusema. Akamtazama mume wake. Geldi alikuwa anakagua dari. Mtu aliyekata kipande chake kwenye karatasi ileile, asubuhi ileile, alikuwa anakagua dari kana kwamba anataka kuinunua.

Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu aitwaye Mahtab, ndiye aliyemchukua Aknabat pembeni akampa chai.

"Usimsikilize huyo, hajaoa," Mahtab alisema. "Niambie, unakula tangu lini?"

Aknabat akaachia ncha ya mtandio. "Tangu nizaliwe."

"Na mtoto?"

"Huyu? Huyu hali, dada. Huwa nampaka tu kidogo alale."

Mahtab akaweka kikombe chini. "Mama Guncha, nikwambie kitu, na usilie. Huyu mtoto ni teja. Kama wewe. Akikosa, anapata arosto kama wewe unavyoipata ukichelewa kumeza. Unadhani analia meno? Nusu ya kilio chake ni arosto."

Aknabat hakulia. Alisema baadaye kwamba aliona kama mtu kamfungulia tanuri la mkate usoni. Akakumbuka watoto wote wa kijiji chao, wale "wapole", wale waliosifiwa kwa kulala kutwa nzima bila kusumbua, na wageni wakasema mashallah, mtoto wenu hana makuu. Akauliza jambo moja tu: je, inaachika?

"Inaachika. Lakini siyo kwa kujifungia ndani na kusema nimeacha. Mtoto atapewa dawa ya maji, tunampunguzia taratibu. Wewe utapewa vidonge vya kutuliza maumivu na utaumwa, sikufichi. Na lazima upumzike. Zulia liko wapi?"

"Karibu linakatwa. Kabla ya Nowruzi."

"Basi siku ya kwanza ya mwaka, kabla hujatega mtande mwingine. Nitakuja mwenyewe nyumbani kwako."

Na kweli, huo ndio upenyo pekee anaoupata mfumaji maishani: zile siku chache baina ya zulia kukatwa na zulia kutegwa. Wengine hungoja mwaka mpya kwa sababu ni mwanzo mzuri. Aknabat aliungoja kwa sababu kabla ya hapo hakuwa na ruhusa ya kuumwa.

Siku ya kukata zulia, wanawake wa jirani walikuja kama kawaida, wakaleta karanga na zabibu kavu, wakakata mtande kwa mikasi, zulia likaachiliwa kama pumzi. Haji Atamurat akaitwa. Akalipindua, akapiga goti, akapitisha kiganja mgongoni mwa zulia, akatabasamu.

"Mashallah. Mikono ya dhahabu." Akawaita vijana wake walichukue, akaamuru robota jipya la sufu liingizwe. Kisha akatoa kijikaratasi. Safari hii kilikuwa kimefungwa utepe wa kijani. "Na hii ni ya Nowruzi. Mkono wa sikukuu."

Geldi akanyoosha mkono. Aknabat akauwahi, akakichukua yeye.

"Haji, hiki nini?"

Haji alishtuka, si kwa swali, bali kwa sauti, maana miaka yote ile hakuwahi kuisikia. Ncha ya mtandio ilikuwa imeanguka kifuani kwa Aknabat na hakuiokota.

"Dawa yako, binti yangu. Safi kabisa, siyo kama ile ya zamani."

"Ile ya zamani nusura iniulie mtoto. Nyumbani kwako mnakula?"

"Astaghfirullah!" Haji akarudi hatua nyuma. "Nyumbani kwangu? Wanangu wanasoma shule, binti. Nyumba yangu haijawahi kuingiza huo uchafu."

Mzee wa watu, neno lilimtoka tu. Alipotaka kulirudisha lilikuwa limekwisha kaa katikati ya chumba na kila mwanamke kaliona.

"Uchafu," Aknabat akasema polepole. "Kumbe unalijua jina lake. Ukiwa njiani ni uchafu, ukifika mlangoni kwangu unageuka dawa?"

"We Geldi, mkeo kaanza lini kuongea na wanaume?"

Geldi akakohoa.

"Mimi nawahurumia tu," Haji akasema, akiwageukia wanawake. "Kazi hii inavunja mgongo. Nani anaweza kukaa kutwa juu ya mtande bila kitu cha kumshika?"

"Ungetuhurumia, ungetupa muda," Aknabat akamjibu. "Kila zulia unataka limekwisha jana. Unatuletea kazi ya watu watatu, halafu unatuletea kitu cha kutusahaulisha kwamba tuko mmoja. Chukua. Mimi mwaka mpya naanza bila hii."

Akamwekea karatasi juu ya kiganja na kukikunja kile kiganja kwa vidole vyake mwenyewe. Haji akawa mwekundu hadi masikioni. Akawaambia vijana wake walibebe tena lile robota la sufu. Atampelekea anayetaka kazi. Alipofika mlangoni, jirani mmoja, Tajigul, mwanamke mwenye ulimi usio na pazia, akamwitia nyuma, "Haji, utepe wako unaburuzika! Usije ukauangusha huo uchafu ukaokotwa na wanao!"

Wanawake walicheka wakiziba midomo. Bibihajar hakucheka.

"Umetufukuzia riziki siku ya sikukuu," alimwambia mkwewe watu walipoondoka. "Unajiona nani? Mimi nimekula tangu usichana, mama yangu alikula, nimezeeka nayo. Nimekufa mimi?"

Siku ya kwanza ya mwaka kijiji kizima kilitoka kwenda mashambani kutazama maua mekundu ya mwituni. Wanaume walibeba masufuria ya pilau, vijana wakapigana mieleka, wasichana wakavaa vitambaa vipya. Aknabat alilala kwenye godoro akitetemeka chini ya blanketi tatu. Sitaki kuipamba ile hali. Alitapika, akaharisha, mifupa ikamuwaka kana kwamba kuna mtu ndani anaichonga, pua na macho vikatiririka, na miguu ikapiga mateke yenyewe. Mahtab alikuja kama alivyoahidi, viatu vimejaa tope, akampa vidonge, akampa Guncha matone yake ya dawa, akamweleza Bibihajar saa za kumpa na kiasi chake.

"Na wewe mama, mkono wako wa afyuni uwe mbali na huyu mtoto," alimwambia waziwazi.

"Wewe umezaa wangapi?" Bibihajar akamuuliza.

"Wawili."

"Mimi tisa. Usinifundishe."

Siku zikapita. Aknabat akaanza kukaa, akanywa mchuzi, akaweza kumshika mwanawe. Lakini Guncha akawa mtulivu mno. Analala, anaamka, ananyonya kidogo, analala. Mchana mmoja Aknabat akambeba hadi mlangoni kwenye mwanga, akamfumbua jicho. Mboni ilikuwa imesinyaa kama kitundu cha sindano. Ile hali aliijua. Aliiona kwenye kioo miaka yote.

"Mama, umempa nini?"

Bibihajar alikuwa anasuka kamba. "Alikuwa analia. Wewe ulikuwa huna habari. Kidogo tu, nusu ya ufuta. Siwezi kumsikia mtoto analia vile, mimi si jiwe."

Majirani waliokuwa wakipita wanasema ukelele wa Aknabat ulisikika hadi kwenye mfereji. Hakumtukana mkwewe, hilo hakulifanya. Alipiga kelele tu, kelele isiyo na maneno, halafu maneno yakaja: kwamba alikuwa anakufa kwenye lile godoro ili mtoto apone, na hapo hapo, mita mbili kutoka kichwani kwake, mtoto alikuwa anarudishwa shimoni kwa kidole. Geldi akaingia mbio kutoka zizini. Akamtazama mama yake, akamtazama mke wake.

"Mama, basi," alisema.

Maneno mawili. Kwa mwaka mzima huo, hayo ndiyo yaliyomtoka Geldi upande wa mkewe, na wapo wanaomsifu kwayo hadi leo. Mimi simo. Lakini baada ya kuyasema aliwasha pikipiki bila kuambiwa, akampeleka mke na mtoto mjini, ambako Mahtab aliwapatia kitanda katika chumba cha wanawake, na hiyo ni haki yake, tusimnyime.

Walikaa huko hadi shamrashamra za Nowruzi zikaisha. Walikuwa wanawake wanne chumbani, wote wafumaji, wote mikono yenye sugu sehemu moja. Mmoja aliletwa na kaka zake akiwa amefungwa kamba, kaka waliokuwa wakiishi kwa mazulia yake. Mwingine alikuwa ameachwa na mume kwa talaka, sababu ikitajwa mbele ya wazee kwamba mke ni teja, na mume aliitaja sababu hiyo huku kasinzia kwa afyuni. Waliyasimulia hayo wakicheka, kisha hawacheki tena. Kila mmoja wao daktari wa miwani alimwuliza swali lile lile, roho yako ya namna gani. Hakuna aliyewahi kutumwa kumwuliza Haji yeyote.

Siku moja Bibihajar akaja. Alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na mkate wa tanuri kwenye kitambaa. Hakuingia. Alikaa kizingitini. Siku hiyo hakuwa amemeza, apate kutembea na akili zake. Guncha alikuwa macho, anavuta kitambaa cha mama yake, anapiga makelele, anatema uji. Bibihajar alimwangalia kwa muda mrefu.

"Ndivyo wanavyokuwa?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Watoto. Bila ile."

"Ndivyo wanavyokuwa."

Bikizee akafungua kitambaa, akakifunga tena. "Nilizaa tisa. Watano nimewazika. Wawili walikuwa na homa, najua. Mmoja tulimpoteza kwenye vita, tukikimbia. Wale wawili..." Akalikaza fundo la kitambaa. "Wale wawili walilala tu. Walikuwa wazima, wanene. Walilala hawakuamka. Mimi nilikuwa kwenye zulia. Wakaniambia ni baridi, mwanangu. Nikasema sawa, ni baridi."

Aknabat alishuka kitandani akaja kukaa naye kizingitini. Alikuwa amejiandaa na maneno makali kwa siku ambayo mwanamke huyu angekuja, na sasa hakujua ayapeleke wapi. Alisema kwamba hapo ndipo hasira yake ilipokua, si kupungua. Ilitoka kwa bikizee huyu ikamzunguka, ikaenda mbali zaidi, kwa wote waliojua na kuita baridi. Wakala mkate. Guncha akamnyang'anya bibi yake kipande.

Bibihajar hakuacha. Mahtab alimwambia kwamba kwa umri wake itabidi apunguze tu, polepole, na hata hilo lilimshinda mara nyingi. Lakini mkono wake haukumgusa mtoto tena, na alipotaka kumeza alitoka nje, nyuma ya zizi, kama mvulana anayevuta sigara.

Haji Atamurat hakurudi. Sufu ile aliipeleka nyumba ya tatu kutoka pale, na watu wakasema Aknabat kajikaanga mwenyewe. Kiangazi kilikuwa kigumu. Geldi alikwenda kuvuna ngano ya watu, Aknabat akafuma mazulia madogo ya kuswalia kwa sufu aliyoisokota mwenyewe, nusu siku tu, na Tajigul akayapeleka sokoni, akiwaambia wanunuzi kila alichokiona siku ile kwenye chumba, na kuongeza ambacho hakukiona. Ikafika mahali wanawake wa nyumba nyingine, Haji akitoa karatasi, wakamwuliza wanawe hawajambo shuleni. Wengine waliuliza huku wakiipokea karatasi yenyewe. Haji akaanza kumtuma kijana wake badala ya kwenda.

Na Guncha alilia. Alilia mno, alilia mchana kutwa, akalia njaa, akalia hasira, akalia bila sababu. Majirani walilalamika. "Mtulize huyo, bwana!" Aknabat aliwajibu kutoka juu ya mtande bila kuinua kichwa: "Ana mapafu yake, aache kuyatumia?"

Ingekuwa vizuri niishie hapo, lakini haikuwa hivyo. Vuli ilipoingia, jino la nyuma likamwuma Aknabat hadi uso ukavimba upande mmoja. Mng'oa meno alikuwa amesafiri. Alistahimili, kisha siku moja, Geldi hayupo, alikwenda nyuma ya zizi mahali alipojua, akachukua kipande cha Bibihajar, akameza. Kesho yake akameza tena. Aliniambia kwamba kilichomtisha haikuwa kuumwa. Ni jinsi ilivyokuwa rahisi, mlango uliofunguka bila hata kusukumwa, na jinsi dunia nzima ilivyopanga kwamba mlango huo uwe karibu kuliko wa mng'oa meno.

Siku ya tatu alimwambia Geldi mwenyewe, huku shavu limefungwa kitambaa, na akamwambia amtayarishie pikipiki, anakwenda kwa Mahtab.

Geldi alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu anayependa mambo yaje yenyewe. "Mama Guncha, sasa ni katikati ya kazi. Baridi inakuja. Si ungojee Nowruzi? Mara ile ulianza na Nowruzi, ukaona ilivyokuwa na baraka. Utaanza vizuri tu, na mwaka mpya."

Aknabat alikuwa tayari anamfunga mtoto mgongoni.

"Leo Jumanne," alisema. "Nitaanza Jumanne. Washa pikipiki."